Viti Mia na Ishirini, Fundi Mmoja

4 Machi

Babu, shikamoo.

Jumamosi nilikuwa mjini kwenu na nikaondoka bila kupanda kukuona, unisamehe. Basi la kurudi lilikuwa linapiga honi nami bado nabishana na msimamizi wa ukumbi. Ningekupigia simu, lakini wewe na simu mnajuana. Unasikia nyuki kwenye chupa, unaikata, halafu unasema mimi ndiye niliyenyamaza.

Tumepata ukumbi. Ni ule wa mtaa wa tatu kutoka kwako, wenye mlango wa bluu. Harusi ni Jumamosi, tarehe 20 Aprili. Kuta ni safi, taa zinawaka, ila viti, Babu, havipendezi. Vya kukodi vyenye mapambo mimi na Fundi Umeme wangu hatuviwezi. Ndipo nikakukumbuka. Hapa hotelini wanabadilisha shuka zote, na za zamani wametuachia sisi wa chumba cha kufulia. Nimekutumia marobota sita. Utatushonea vifuniko vya viti? Ni mia na ishirini. Kiti cha kupimia nimekiacha kwa Kinyozi hapo chini, atakupandishia.

La pili ndilo la kwanza kwangu. Baba yangu hayupo. Nataka wewe unishike mkono siku hiyo uniingize ukumbini. Mama anasema miguu yako haiwezi, anasema uache hizo ngazi uhamie kwake, kwenye chumba cha nyuma. Nimemwambia Babu anashuka na kupanda kila siku, ameniandikia mwenyewe.

Mjukuu wako,
Sumaku


10 Machi

Sumaku, marahaba sana.

Barua yako nimeisoma mwenyewe sikumwomba mtu. Mwandiko wangu uvumilie, kalamu hii ni ya kuchorea kitambaa na shule mimi niliingia kwa mlango wa mbele nikatokea wa nyuma siku hiyohiyo. Lakini mkono unajua kazi.

Kwanza huyo Fundi Umeme mwambie ameniibia mchumba nikiwa macho. Mimi ndiye niliyekuposa mwanzo, ulipokuwa unatambaa chini ya meza yangu na kile kisumaku chako unaokota misumari ya makochi, ndiyo maana jina likakuganda. Mwambie tutaonana na mkasi nitakuwa nao.

Sasa viti. Unaniuliza naweza? Waulize wenye mvi makochi ya hakimu alishona nani. Ya daktari mkuu alishona nani. Yule tajiri wa kiwanda cha sabuni alikalia kochi langu mpaka akafia juu yake na kochi likabaki zima. Viti mia na ishirini kwangu ni kifungua kinywa.

Kiti chako kimefika na nimekikalia. Mimi sishoni kiti nisichokikalia, ndiyo sheria yangu miaka hamsini na mbili. Na kwa sheria hiyo wiki hii nitatembea hadi ukumbini nivione vilivyobaki, maana fundi anayepima kiti kimoja akashona mia ni kama mganga anayetibu kwa picha.

Kukuingiza ukumbini hilo halina mjadala. Nitakushika na tutakwenda kwa mwendo wangu, si wa wapiga picha. Na mama yako mwambie hicho chumba cha nyuma afugie kuku. Ngazi zangu sitini na nane ndizo zinazonipa hamu ya kula.

Babu yako, Fundi wa Makochi, wa pili hajazaliwa


12 Machi, kwenye kapu

Kinyozi,

Usinijibu kwa kupiga kelele chini ya dirisha. Masikio yangu hayakusikii na ya mtaa mzima yanakusikia. Andika, tia kapuni, tikisa kamba mara mbili nivute.

Niletee uzi na majani ya chai pakiti kumi, yale ya bei ya chini. Shuka hizi kila moja ina weupe wake, moja nyeupe ya maziwa nyingine nyeupe ya meno ya mvuta tumbaku. Nitazichemsha zote kwenye chai zitoke rangi moja, watu wadhani zimenunuliwa hivyo.

Na lile letu libaki letu. Tangu Juni uliponikuta nimekwama kwenye kona ya ghorofa ya pili ukanipandisha mgongoni kama gunia, wewe hujasema na mimi sijashuka. Miezi tisa. Mama yake Sumaku akisikia tu, kesho yake niko chumba cha nyuma natazama ukuta. Nyonga hii itakaa sawa. Nina wiki tano na mjukuu ananitegemea. Nafanya mazoezi kwa kushika kitasa.

Fundi


12 Machi, kapuni

Mzee wangu, shikamoo.

Uzi huo, chai hiyo. Mwenye duka ameniuliza kama umefungua mgahawa.

Mzee, harusi haingoji nyonga. Mwambie binti ukweli. Au ruhusu mimi na muuza magodoro tukubebe, kufumba na kufumbua uko chini. Na kama ukumbini huwezi kwenda, niende mimi nikakutazamie viti. Ni hapa tu, hata mteja sitampoteza.

Kinyozi


12 Machi, kapu tena

Sibebwi. Nimebebwa na mama yangu na nimebebwa na wewe, wa tatu watakuwa wachukua jeneza. Na ukumbini usiende. Kinyozi anajua vichwa hajui viti. Kimoja ninacho hapa, kinatosha.

Kapu likishuka lishike taratibu, mpini mmoja umelegea.


19 Machi

Sumaku mjukuu wangu,

Jana nilikwenda ukumbini. Kwa miguu. Tena nilizunguka njia ndefu ili watu wanisalimie. Msimamizi alinifungulia mwenyewe ule mlango wa bluu, akasema Fundi umepotea mno, akanipa chai nikaikataa, akanilazimisha nikanywa. Viti nimeviona vyote mia na ishirini, na vitatu kati yake nimevikalia. Ni sawasawa na hiki ulichoniletea, mgongo mpana, mikono miwili ya kuegemea, sponji nene, miguu ya mbao. Sijui kwa nini ulisema havipendezi. Jicho lako limeharibiwa na hoteli.

Basi nimekata kwa kipimo hicho, vipana na virefu hadi sakafuni. Hamsini vimekwisha. Nakutumia kimoja kwa mwenye basi uwaringie wenzako. Rangi ya chai ya maziwa, na ukitafuta mahali nilipokosea utazeeka kabla yangu.

Babu yako, aliyetembea


24 Machi

Babu, shikamoo.

Kifuniko nimekipokea. Wenzangu wamekipitisha mkono kwa mkono, mmoja akajifunika nacho akatuchezea katikati ya mashine za kufulia mpaka msimamizi wetu akaja. Ni kizuri, Babu. Nimejificha nikalia kidogo.

Ila nimeutazama mshono. Nimekulia chini ya meza yako, naujua mshono wa cherehani ya miguu na naujua wa cherehani ya mkono. Huu ni wa mkono. Umeacha lini kukanyaga?

Na ukumbini ulipokwenda, ulikaa ofisini kwa msimamizi au uliingia hadi ndani kwenyewe? Hivyo viti vitatu ulivikalia wapi? Nauliza tu. Kuna jambo la viti nataka kukwambia, lakini nijibu wewe kwanza.

Sumaku


29 Machi

Sumaku,

Unauliza maswali kama karani wa mahakama. Cherehani ya miguu imekatika mkanda, nangoja mpya. Ukumbini niliingia mpaka mwisho, na bati la paa lake limebabuka rangi upande wa kushoto, kama huamini kaangalie. Kama una jambo la viti liseme, kama huna niache na kazi.

Vifuniko vimefika themanini na tisa. Kitanda kimejaa, kabati limejaa, mlango siuoni vizuri. Nalala nimekaa kwenye kiti chako. Chumba kinanukia chai kama kambi ya wanajeshi. Asubuhi nikifungua dirisha naona watu wanavyokatiza barabara bila kutazama wanapoweka mguu, kama kwamba mguu ni kitu cha bure.

Hilo la mwisho usilitilie maanani. Ni la kazi nyingi.

Babu yako


2 Aprili, kapuni

Mzee, shikamoo, na nisamehe kabla hujasoma.

Nimevunja amri yako. Msimamizi wa ukumbi ameteguka mkono, akaniita nikamnyoe kulekule. Nikaomba kuviona viti. Mzee, hicho ulicho nacho ni kiti chake cha ofisini. Anakiulizia, mwezi wa pili huu anakalia ndoo. Viti vya ukumbi ni vya chuma vya kukunja, vyembamba, miguu ina kutu, na vingine ni vya plastiki, vyekundu, bluu na kijani kilichopauka. Chenye mikono hakuna hata kimoja. Nilikwenda na kile kifuniko ulichonipa nifunikie kioo changu, nikakijaribu. Kiti kilizama ndani kama mtoto aliyevaa koti la baba yake.

Nifanye nini?

Kinyozi


2 Aprili, kapu

Usifanye kitu.

Mtoto kanidanganya. Nimekaa tangu asubuhi nataka kumwandikia hivyo, na kila nikianza kalamu inagoma, maana mimi nilimwandikia kwamba niliviona vyote na vitatu nikavikalia. Nikimwuliza kwa nini alinipa kiti cha ofisi, ataniuliza niliingia kwa miguu ya nani. Nikinyamaza, vifuniko mia na ishirini vitakwenda kumwaibisha mbele ya watu. Mlango huu nimeufunga kwa mkono wangu na ufunguo nimeumeza.

Leo nilijaribu ngazi. Nilishuka kumi na moja. Kurudi nilikalia makalio, moja moja, mpaka jua likahama dirishani. Jirani wa ghorofa ya tatu alifungua mlango akanikuta. Nikamwambia nakagua ngazi.

Akasema zikoje. Nikasema mbovu.

Fundi


5 Aprili

Sumaku,

Leo nina hadithi. Kuna fundi mmoja ninamfahamu, hodari sana, pengine kuliko wote wa upande huu. Alipewa kazi na mtu anayempenda. Akaambiwa kapime, hakwenda, akasema nimekwenda. Sasa kazi yote imemkataa kipimo. Kweli na huyo mwenye kazi alimpa kiti kisichokuwa chenyewe, lakini hilo fundi ameliacha, kwa sababu angekwenda kwa miguu yake angeliona.

Fundi ameniuliza afanye nini nami nimekosa jibu, jambo ambalo unajua si kawaida yangu. Wewe una akili za hotelini. Ungemwambiaje?

Babu yako, anayeuliza kwa niaba ya mwenzake


6 Aprili

Babu, shikamoo.

Nisipoandika leo sitaandika tena.

Nilipoviona vile viti niliona haya. Wewe umewashonea mahakimu. Nikasema moyoni, Babu akiona chuma kile atajua kwamba mjukuu wake anaolewa kwenye bohari. Ndipo nikambembeleza msimamizi aniazime kiti chake. Nilijua sheria yako. Nilijua utakwenda mwenyewe, utaona, utanitumia barua ya matusi kurasa nne, kisha utavipima vile vyenyewe na tutacheka. Nikayangoja matusi. Ikaja barua inayosema vyote ni sawasawa na hiki.

Hapo nilijua, Babu. Nimejua tangu siku hiyo na nimenyamaza, maana kuitoa siri yako ni kuitoa yangu. Tangu lini hushuki?

Mama sijamwambia.

Ukinijibu kwamba huwezi kuja, nitaelewa, na nitaingia peke yangu. Lakini ukiniuliza kuhusu vifuniko, ninalo jibu moja tu. Viti mia na ishirini haviwezi kupanda hizo ngazi. Fundi mmoja anaweza kushuka.

Sumaku


10 Aprili

Sumaku,

Barua zetu zimepishana njiani kama wadaiwa wawili. Ulimi wako umeunolea wapi? Kwangu, najua.

Tangu Juni. Nimeandika. Usinifanye nirudie.

Sasa nisikilize. Mimi naweza kubebwa, Kinyozi kila siku ananiomba kama ananiomba kura. Si hilo. Ni kwamba anayebebwa kushuka habebwi kupanda tena. Nikitoka hapa sirudi. Miaka thelathini na moja niko chumba hiki, kwenye mwimo wa mlango nimechora urefu wako kila mwaka mpaka ulipokataa kupimwa. Chumba cha nyuma cha mama yako nakijua. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na huyo jirani ukuta hata lipu hajaupiga. Siku tatu hizi nalala nikiuwaza ukuta huo.

Na mara tatu nimeota vifuniko vyangu vinachekwa na watu harusini kwako, na wewe umesimama mlangoni unatazama nyuma.

Basi nitashuka, ila si mgongoni kwa mtu. Nitakaa kwenye hicho kiti cha ofisi kikiwa kimevaa kifuniko changu, futi shingoni na mkasi mkononi, wanaotazama waone fundi anakwenda kazini. Nibebwe uso ukiwa mbele. Fundi Umeme ashike mguu wa mbele nimwone jasho lake. Nilitaka iwe alfajiri, nikakumbuka kwamba anayehama alfajiri ni mwizi au mdaiwa. Iwe Jumatatu saa nne asubuhi, mchana kweupe, nipate siku tano za kazi.

Mama yako nitamwambia mwenyewe. Wewe huna adabu ya kuifikisha.

Babu yako


15 Aprili, ukumbini

Kinyozi,

Bega lako limenisaidia, ingawa kwenye kona ya ghorofa ya pili uliyumba na usidhani sikuona. Huyo Fundi Umeme hakuyumba. Alilowa mpaka kwenye soksi na hakutua. Simsemi vizuri, nasema nilichokiona. Barabarani muuza magodoro alipotangulia anapiga kelele kwamba Fundi anapita, nilitaka kumtia mkasi, halafu watu wakaanza kusimama kunisalimia, nikamwacha.

Viti ni vibaya kuliko ulivyosema. Nimekalia cha chuma, kimenibana. Nimekalia cha plastiki, kimelia. Nimetukana kwa sauti na ukumbi mtupu ukarudisha matusi yangu yote. Kisha nikatazama vizuri. Upana uliozidi naukusanya wote nyuma, nachana ukanda kutoka kwenye upindo wa chini, nakaza fundo moja kubwa. Mbele kinanyooka, nyuma kinamwagika kama gauni la bibi harusi mwenyewe, na rangi zote tatu za plastiki zimezikwa. Ningeshona kwa kipimo chao kutu ya miguuni ingeonekana. Ukiulizwa, sema nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Niteremshie cherehani zote mbili na mto wa sindano. Kapu liache palepale. Atakayepanga chumba asije kufa njaa.

Fundi


24 Aprili, chumba cha nyuma

Sumaku,

Salamu kwako na kwa huyo mwizi wako.

Ukuta upo. Nimehesabu matofali yanayoonekana, mia mbili na sita, la pembeni lina ufa. Mama yako ananiletea chai kwa saa kama mfungwa mwenye nidhamu, na hakunigombeza, na hilo ndilo linanitisha. Cherehani ya mkono ipo mezani. Ile ya miguu nimeitundikia shati. Jirani amekuja kuniuliza kama kweli viti vile vilikuwa vya chuma. Nikamwambia keti, nikaanza tangu hakimu.

Nakuandikia kwa jambo moja. Kinyozi alipita hapa jana, anadai kwamba kutoka kwenye kiti changu pale mlangoni mpaka safu ya kwanza nilitembea hatua nne tu, na kwamba wewe ndiye uliyenishika mimi. Kinyozi anajua vichwa. Hatua zilikuwa kumi na mbili, na mimi ndiye niliyekushika wewe. Niandikie haraka iwe kwa maandishi, nimwekee mezani siku akija.

Babu yako, Fundi wa Makochi


29 Aprili

Babu, shikamoo.

Mwizi anakusalimu. Jana alipanda ghorofa ya nne na bisibisi, akaung'oa ule mwimo wa mlango wenye alama zangu. Mwenye jengo alipiga kelele, akatulizwa kwa kutengenezewa taa ya ngazini. Mwimo utaletwa kwako Jumapili, nao utakaa kati yako na ukuta wa jirani.

Kuhusu hatua, nimesikitika kwamba mnabishana watu wazima. Kinyozi amekosea, alikuwa mbali na alikuwa analia. Na wewe pia umekosea. Mimi ndiye niliyekuwa na hofu ya kuanguka, kwa hiyo nilizihesabu moja baada ya moja, na mkono wako ulinibana mpaka leo kidole kina alama.

Zilikuwa kumi na tano.

Mjukuu wako,
Sumaku